Dawa katika chakula cha mifugo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kanuni za uchanganyaji

Maswali haya huulizwa na wafugaji wanaojichanganyia chakula wenyewe, wenye vinu na viwanda vya chakula cha mifugo, pamoja na wauzaji wa dawa. Sheria za nchi hazifanani, lakini misingi yake inafanana kwa kiasi kikubwa. Hapa misingi hiyo ndiyo inayoelezwa, na pale Marekani au Umoja wa Ulaya unapotajwa, unatajwa kama mfano wa jinsi kanuni fulani ilivyoandikwa. Sheria inayomfunga msomaji ni ile ya nchi anayofugia.

Chakula chenye dawa ni kipi hasa?

Ni chakula cha mifugo kilichochanganywa na dawa iliyosajiliwa kwa ajili ya kutibu au kuzuia ugonjwa, au kubadili utendaji wa mwili wa mnyama. Vitamini, madini, amino asidi na vimeng'enya huhesabiwa kuwa viongeza vya lishe, na husimamiwa kwa kanuni nyingine zilizo nyepesi kidogo.

Mpaka kati ya makundi hayo mawili hauko mahali pamoja kila nchi. Dawa za kuzuia koksidia, zile zinazowekwa katika chakula cha vifaranga ili wasipate kuhara damu, zinasimamiwa Ulaya kama viongeza vya chakula chini ya Kanuni namba 1831/2003, ilhali Marekani zinahesabiwa kuwa dawa kamili. Unga ni uleule, ila sheria ni mbili. Kwa hiyo anayeagiza bidhaa kutoka nje asiridhike na namna ilivyoainishwa ilikotoka, bali aulize imesajiliwa katika kundi gani mahali itakapotumika.

Jambo jingine la kufahamu mapema ni kwamba dawa ya kuchanganya hupitia hatua. Kuna premiksi, ambayo ni dawa iliyokolea sana na hairuhusiwi kamwe kuwekwa moja kwa moja mbele ya mnyama. Kuna mchanganyiko wa kati, ambao ni premiksi iliyokwisha kupunguzwa makali lakini bado inahitaji kuchanganywa zaidi. Mwisho kuna chakula kamili kilicho tayari kuliwa. Ajali nyingi mbaya hutokana na mtu kuchukua gunia la hatua ya kwanza au ya pili akidhani ni la tatu.

Kwa nini kanuni hizi ni kali kuliko za dawa ya sindano?

Kwa sababu sindano hupimwa na mtu, na dawa iliyo katika chakula hupimwa na hamu ya kula. Daktari anapomdunga ng'ombe mmoja anajua ni nani amepata, amepata kiasi gani na saa ngapi. Dawa ikishaingia katika chakula, kiasi ambacho kila mnyama anapata kinategemea mambo mawili ambayo hakuna anayeyaona kwa macho: kwamba dawa imeenea sawasawa katika tani nzima, na kwamba kila mnyama amekula sehemu yake. Jambo la pili halitimii kikamilifu hata siku moja. Mnyama mgonjwa, ambaye ndiye anayehitaji dawa, hula kidogo kuliko wenzake. Wanyama wababe hula zaidi, na wanyonge husubiri mabaki.

Karibu kila sharti linaloelezwa hapa chini limetungwa kuziba mwanya mmojawapo kati ya hiyo, au mwanya wa tatu, yaani chakula hicho kuliwa na asiyekusudiwa, awe mnyama mwingine au binadamu anayekunywa maziwa. Anayeielewa sababu hiyo ataweza kukisia kanuni nyingi hata kabla hajazisoma.

Nani anaruhusiwa kuamua kwamba dawa iwekwe katika chakula?

Kwa antibiotiki, mwelekeo wa dunia uko wazi: ni daktari wa mifugo, kwa hati ya maandishi, baada ya kuwafahamu wanyama na hali yao. Marekani ilipitisha mwaka 2015 kanuni mpya ya hati hiyo, na tangu Januari 2017 antibiotiki zote zenye umuhimu kwa tiba ya binadamu haziwezi kuwekwa katika chakula cha mifugo bila hati ya daktari. Hati hiyo haiwezi kudumu zaidi ya miezi 6. Umoja wa Ulaya nao ulianza kutumia Kanuni namba 2019/4 tarehe 28 Januari 2022. Huko, hati ya chakula chenye dawa kwa wanyama wanaoliwa hudumu wiki 3, na ikiwa dawa yenyewe ni ya kuua vimelea kama antibiotiki, hudumu siku 5 tu tangu ilipoandikwa.

Siku tano huwashangaza wengi. Lakini ugonjwa wa kundi la kuku unaweza kubadilika kabisa katika wiki moja, na hati iliyoandikwa kwa ajili ya hali ya Jumatatu iliyopita ni ruhusa ya kutibu kitu ambacho pengine hakipo tena.

Hati iliyo kamili hutaja mmiliki na mahali wanyama walipo, aina na idadi yao, ugonjwa unaotibiwa, jina la dawa, kiwango chake katika kila tani ya chakula, muda wa kulisha, muda wa kusubiri kabla ya kuchinja au kuuza mazao, na tarehe ya mwisho ya hati. Mwenye kinu anayepokea hati isiyotaja kiwango kwa tani ana haki, na kwa kweli ana wajibu, wa kuirudisha.

Je, daktari akiridhia, ninaweza kuongeza kipimo au kuwapa wanyama ambao hawakutajwa kwenye lebo?

Kwa dawa za sindano au za kunywesha, nchi nyingi humruhusu daktari kutoka nje ya lebo kwa masharti maalumu. Kwa dawa za chakula ruhusa hiyo hubanwa. Sheria ya Marekani inakataza kabisa kutumia dawa iliyo katika chakula kinyume cha lebo yake, na katazo hilo linamhusu daktari kama linavyomhusu mfugaji. Afueni ndogo ipo kwa wanyama wachache ambao hawana dawa zao zilizosajiliwa. Sababu ni kwamba kosa la chakula halibaki kwa mnyama mmoja. Tani moja ya chakula cha kuku wanaokula gramu 100 kwa siku inawalisha kuku 10,000 siku nzima.

Kupunguza kipimo ili dawa idumu zaidi ni kosa lilelile kwa upande wa pili, na huenda ni baya zaidi. Kiasi kidogo cha antibiotiki kinachoendelea kwa muda mrefu huua bakteria dhaifu na kuwaacha wenye usugu wazaliane.

Kiasi cha dawa kwa tani kinakokotolewaje?

Chukua dawa ambayo kipimo chake ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama kwa siku. Nguruwe wa kilo 40 anahitaji miligramu 400. Ikiwa anakula kilo 1.6 za chakula kwa siku, kila kilo ya chakula lazima ibebe miligramu 250, ambazo ni sawa na gramu 250 kwa tani.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Gramu 250 hizo ni za kiambato amilifu, si za unga ulio kwenye mfuko. Ikiwa premiksi ina asilimia 20 ya dawa, kila kilo yake ina gramu 200 tu za dawa, na tani moja ya chakula itahitaji kilo 1.25 za premiksi. Anayepima gramu 250 za premiksi akidhani amepima dawa atawapa wanyama wake moja ya tano ya kipimo, atalalamika kwamba dawa haifanyi kazi, na atahamia dawa yenye nguvu zaidi bila sababu.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia kwa nini kiwango kimoja hakifai wanyama wote. Nguruwe yuleyule akiugua na kula kilo moja tu, atapata miligramu 6.25 kwa kilo ya uzito badala ya 10. Nguruwe jike wa kilo 200 anayelishwa kilo 2.5 kwa siku, akipewa chakula kile kile, atapata takribani miligramu 3, yaani chini ya theluthi ya anachohitaji. Ndiyo maana daktari makini huuliza wanyama wamekula kiasi gani jana, si kiasi wanachotakiwa kula kwa mujibu wa jedwali, na ikiwa ulaji umeshuka sana huamua kutibu kwa maji au kwa sindano. Mnyama mgonjwa mara nyingi huendelea kunywa hata anapoacha kula.

Kanuni ya Ulaya inaongeza sharti la kusambaza dawa katika sehemu kubwa ya mlo: kipimo cha siku nzima lazima kiwe katika angalau nusu ya chakula cha siku, kikipimwa bila maji. Kwa wanyama wanaocheua ni nusu ya chakula cha nyongeza, kwa kuwa malisho hayawezi kuchanganywa dawa.

Je, antibiotiki zinaruhusiwa kwa ajili ya kukuza mifugo haraka?

Katika nchi nyingi sasa hapana, na hata pale ambapo sheria bado imenyamaza, ni desturi inayopoteza uhalali wake mwaka hadi mwaka.

Historia yake inafaa kujulikana, kwa sababu hoja zinazotolewa leo si mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1940 iligunduliwa kwamba kiasi kidogo cha klorotetrasaiklini katika chakula kiliongeza ukuaji wa kuku na nguruwe, na desturi hiyo ikaenea upesi. Mwaka 1969 kamati iliyoongozwa na Swann nchini Uingereza ilipendekeza kwamba antibiotiki zinazotumika kutibu binadamu zisitumike kukuza mifugo. Sweden ilipiga marufuku vikuzaji vya aina hiyo mwaka 1986. Denmark ikafuata kwa avoparsini mwaka 1995. Dawa hiyo haikuwa ikitumika kwa binadamu hata kidogo, lakini ni ndugu wa vankomisini, ambayo hospitali huitegemea wakati dawa nyingine zimeshindwa, na bakteria aliyezoea moja humudu na nyingine. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa antibiotiki zote za kukuza kuanzia tarehe 1 Januari 2006.

Mfano wa kolistini unaeleza vizuri zaidi. Ni dawa ya zamani iliyokuwa imeachwa katika hospitali kwa sababu ya kudhuru figo, na kwa hiyo wengi hawakuona tatizo ikichanganywa kwa tani katika chakula cha nguruwe. Kisha bakteria sugu kwa dawa nyingine waliongezeka, madaktari wakairudia kolistini kama kimbilio la mwisho, na mwishoni mwa mwaka 2015 watafiti nchini China wakaripoti jeni iitwayo mcr-1, inayoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine ikibeba usugu dhidi yake. China iliizuia kama kikuzaji mwaka 2017, na India ikaipiga marufuku kwa wanyama wa chakula mwaka 2019.

Marekani ilichukua njia ya katikati. Tangu 2017 antibiotiki muhimu kwa binadamu haziruhusiwi kwa ukuaji, ila dawa kama monensini, dawa ya koksidia, ambazo hazitumiki kwa binadamu, bado zinaruhusiwa kuongeza tija ya ng'ombe.

Na kuzuia ugonjwa kabla haujaingia?

Hapa sheria zinatofautiana zaidi. Ulaya inakataza antibiotiki katika chakula kwa ajili ya kinga, lakini inaruhusu kutibu kundi zima iwapo baadhi yao wameshathibitika kuugua na wengine wamo hatarini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, lilishauri kwamba wanyama wenye afya wasipewe antibiotiki muhimu kwa binadamu kwa ukuaji wala kwa kinga isiyotokana na uchunguzi. Dawa za koksidia na za minyoo kwa kawaida haziingii katika makatazo hayo.

Dawa inayowekwa katika chakula kila mzunguko wa vifaranga, mwaka baada ya mwaka, kwa kawaida inaficha tatizo la banda: matandiko yenye unyevu, msongamano, au vifaranga waliotoka kwenye chanzo kibovu. Mkaguzi mzuri akiona hati zinazofanana mfululizo hukagua matandiko kwanza.

Dawa zipi hazitakiwi kabisa katika chakula cha wanyama wanaoliwa?

Kloramfenikoli na nitrofurani ndizo zinazotajwa karibu kila orodha. Kamati ya wataalamu inayozishauri FAO, yaani Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na Shirika la Afya Duniani haikuweza kuzipatia kiwango salama cha mabaki ya dawa katika nyama, maziwa au mayai, na mazao yanayokutwa nazo, hata kwa kiasi kidogo mno, hukataliwa mpakani. Ulaya iliondoa pia oksidi ya zinki ya viwango vya tiba, iliyokuwa ikiwekwa katika chakula cha vitoto vya nguruwe kuzuia kuhara, na mwisho wa matumizi yake ulikuwa Juni 2022.

Kuna pia dawa ambazo dunia haijakubaliana. Raktopamini, inayoongeza nyama nyekundu na kupunguza mafuta, ilipata kiwango cha mabaki katika Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, mwaka 2012 kwa kura 69 dhidi ya 67, na hadi leo Ulaya na China haziipokei. Mfugaji anayelenga soko la nje afuate sheria ya mnunuzi, kwa sababu uhalali wa nyumbani hautamsaidia kontena lake likizuiwa bandarini.

Je, kuchanganya kwa koleo sakafuni kunatosha?

Kwa pumba na mahindi, pengine. Kwa dawa, hapana. Gramu 250 katika tani ni sehemu moja kati ya 4,000, na jicho haliwezi kuhakikisha sehemu hiyo imefika kila pembe.

Viwanda hupima kwa kuchukua sampuli kadhaa, kwa kawaida kumi, kutoka sehemu mbalimbali za bechi moja, yaani chakula kilichochanganywa kwa mkupuo mmoja, kisha kila moja hupimwa na tofauti kati yake hukokotolewa. Tofauti isiyozidi asilimia 10 huchukuliwa kuwa uchanganyaji mzuri. Kipimo hiki si cha mara moja tu mashine inaponunuliwa, maana mapanga ya mashine huchakaa na kulegea, na mashine iliyofaulu mwaka juzi inaweza kuwa inachanganya ovyo leo.

Utaratibu wenyewe una mpangilio. Premiksi huchanganywa kwanza na kilo chache za unga laini hadi ienee, kisha mchanganyiko huo hutiwa katika mashine iliyokwisha kuwekewa sehemu kubwa ya viambato vikavu. Haimwagwi chini kabisa kabla ya kitu kingine, kwa kuwa itatuama mahali mapanga hayafiki. Mafuta na molasi hutiwa mwishoni, baada ya dawa kuenea katika unga mkavu, la sivyo dawa itashikana na mafuta na kuwa madonge. Muda wa kuchanganya huhesabiwa tangu kiambato cha mwisho kilipoingia, na fundi asiukatize kwa kuwa foleni ya wateja ni ndefu.

Chembe za unga wa dawa zikiwa ndogo sana au nzito sana kuliko chembe za chakula, hutengana tena njiani, gunia linaporuka kwenye gari. Chakula cha punje zilizogandamizwa huzuia hilo, lakini mvuke na joto lake, ambalo mara nyingi hufika nyuzi 70 hadi 90 za Selsiasi, huharibu baadhi ya dawa, hasa za jamii ya penisilini. Lebo ya premiksi husema kama inavumilia joto hilo. Tetrasaiklini nazo hushikamana na kalsiamu, hivyo chakula cha kuku wa mayai, chenye chokaa nyingi, hupunguza kiasi cha dawa kinachofyonzwa tumboni.

Nifanye nini ili dawa ya bechi moja isiingie katika bechi inayofuata?

Hakuna mashine inayotoka tupu kabisa. Mashine ya tani moja ikibaki na kilo 10 pembeni na chini, bechi inayofuata itapokea takribani asilimia 1 ya dawa iliyotangulia. Ikiwa bechi ya kwanza ilikuwa ya kuku wa nyama yenye miligramu 125 za monensini kwa kilo, ya pili itakuwa na miligramu 1.25 hivi. Viwango vya Ulaya kwa dawa za koksidia vimejengwa juu ya uhalisia huo: uchafuzi usioepukika unavumiliwa hadi asilimia 3 kwa wanyama wasiodhurika kwa urahisi, na hadi asilimia 1 kwa wanyama wanaodhurika, kwa kuku wa mayai, na kwa chakula kinacholiwa katika siku za mwisho kabla ya kuchinja. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliongeza viwango vya aina hiyo kwa dawa 24 za kuua vimelea.

Silaha ya kwanza na ya bei nafuu kuliko zote ni mpangilio wa kazi. Bechi zisizo na dawa hutengenezwa kwanza, zenye dawa baadaye, na baada ya chakula chenye dawa hufuata chakula cha wanyama wa aina ileile wasiokaribia kuchinjwa. Chakula cha farasi, cha kuku wa mayai au cha ng'ombe wa maziwa hakifuati kamwe moja kwa moja. Mpangilio usipowezekana, mashine husafishwa kwa kupitishia nafaka iliyosagwa, kwa kawaida kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ya ujazo wake, ikipitia njia yote hadi mdomo wa gunia. Nafaka hiyo huwekwa alama na kutumika katika bechi ijayo ya dawa ileile. Kuimwaga katika chakula kingine kwa sababu ni hasara kuitupa ni kubatilisha usafi wote.

Watu husafisha mashine na kusahau lifti ya ndoo, bomba, pipa la kuhifadhia, gari la kupelekea na vyombo vya kulishia. Nikabazini, dawa nyingine ya koksidia, ikibaki kidogo katika njia hiyo hujitangaza yenyewe: kuku wa mayai ya kahawia huanza kutaga mayai yaliyopauka, na mayai ya kuangua hayatotoi vizuri.

Kwa nini farasi hutajwa kila mara?

Kwa sababu monensini na dawa za jamii yake, ambazo kuku na ng'ombe huzivumilia, huharibu misuli ya moyo wa farasi, na hakuna dawa ya kuondoa sumu hiyo. Kipimo kinachoua nusu ya farasi wanaokipata ni kati ya miligramu 2 na 3 kwa kilo ya uzito. Farasi wa kilo 400 hufikia kiwango hicho kwa miligramu 800, ambazo zimo katika gramu 4 tu za premiksi ya asilimia 20. Hicho ni kiasi cha kijiko kidogo. Punda ni wa ukoo huohuo na apewe tahadhari ileile. Salinomisini, ambayo ni ya kawaida katika chakula cha kuku wa nyama, ni sumu pia kwa bata mzinga.

Ninaweza kuchanganya dawa mbili katika chakula kimoja?

Ni pale tu mchanganyiko huo wenyewe umeidhinishwa. Mfano unaofahamika zaidi ni antibiotiki iitwayo tiamulini: ikikutana na monensini, narasini au salinomisini huzuia ini kuziondoa mwilini, na kuku au nguruwe waliokuwa wakila dawa ya koksidia kwa usalama huanza kulegea miguu na kufa. Mfugaji anaweza kutia tiamulini katika maji bila kujua kwamba chakula alichonunua kina salinomisini. Kwa sababu hiyo daktari lazima aonyeshwe lebo ya chakula kabla hajaandika dawa yoyote, hata ya maji.

Muda wa kusubiri unahesabiwa kuanzia lini?

Kuanzia mlo wa mwisho wenye dawa, si kuanzia siku gunia la mwisho lilipofunguliwa. Chakula kilichosalia chini ya pipa au katika vyombo bado ni chakula chenye dawa, kwa hiyo vyombo huondolewa mabaki kwanza ndipo hesabu ianze. Muda wenyewe hutoka kwenye lebo au hati, na hutofautiana kwa nyama, maziwa na mayai. Kipimo kikiongezwa au tiba ikirefushwa, muda wa lebo haufai tena.

Mayai yanahitaji uangalifu wa pekee. Kiini cha yai hujengwa kwa siku kadhaa kabla ya kutagwa, takribani siku 10 katika hatua yake ya kukua kwa kasi, hivyo dawa inayoingia kwenye kiini huendelea kuonekana katika mayai muda baada ya chakula kubadilishwa. Dawa nyingi za kuku wa nyama haziruhusiwi kwa kuku wanaotaga kwa sababu hiyo.

Je, kuchemsha maziwa au kupika nyama kunaondoa mabaki ya dawa?

Hakutegemewi. Dawa nyingi hustahimili joto la jikoni. Mtengenezaji wa mtindi huligundua tatizo mapema kuliko mlaji, kwa kuwa bakteria wa kugandisha hawafanyi kazi katika maziwa yenye antibiotiki.

Lebo ya chakula chenye dawa iwe na nini?

Maneno yanayosema waziwazi kwamba chakula kina dawa, jina la kiambato amilifu na kiasi chake kwa kilo au tani, mnyama anayekusudiwa, namna ya kulisha na muda wake, muda wa kusubiri, maonyo kwa wanyama wasioruhusiwa, namba ya bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Chakula kinachouzwa kwa wingi bila magunia huambatana na karatasi yenye maelezo hayohayo. Gunia la zamani lenye lebo ya bidhaa nyingine lisitumike tena.

Kumbukumbu zitunzwe kwa muda gani?

Ulaya hati za daktari hutunzwa miaka 5, na Marekani miaka 2. Lililo na maana zaidi kuliko muda ni kwamba kumbukumbu zioane. Premiksi iliyopokelewa, ukitoa iliyotumika katika bechi zilizoandikwa, iwe sawa na iliyobaki rafuni. Hesabu hiyo ikifanywa kila siku jioni, kilo moja iliyopotea hugunduliwa kabla chakula hakijaondoka kinuni. Ikifanywa mwisho wa mwezi hubaki fumbo. Pamoja na maandishi, sampuli ya kila bechi huhifadhiwa mahali pakavu.

Anayechanganya ajikinge vipi?

Vumbi la premiksi huingia puani na machoni, na mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika vibaya kwa kiasi kidogo. Barakoa ya vumbi inayobana uso, glavu, miwani na nguo za kazi zisizopelekwa nyumbani ni sharti la lebo nyingi. Kula au kuvuta sigara penye mashine hakuruhusiwi.

Je, vidonge vya binadamu vilivyosagwa vinaweza kutumika?

Haviruhusiwi. Havina kiwango kilichothibitishwa kwa chakula wala muda wa kusubiri, na kwa hiyo hakuna anayeweza kusema nyama hiyo italiwa lini kwa usalama.

Chakula chenye dawa kilichobaki kifanyiwe nini?

Kisilishwe kwa wanyama wengine ili kisipotee, na kisimwagwe mtoni, bwawani au shambani. Hufungwa, huwekewa alama, na kurudishwa kwa mtengenezaji au kuteketezwa kwa njia inayokubaliwa na mamlaka. Dawa inayotibu kundi lililopona haihifadhiwi kusubiri ugonjwa ujao, kwa kuwa ugonjwa ujao utahitaji hati yake.

Wanyama wamekula chakula kisicho chao. Nianze na lipi?

Ondoa chakula chote mara moja, pamoja na kilichobaki vyomboni, na uache maji safi. Usisubiri dalili, kwani kwa monensini farasi anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa kisha akaanguka, na anayelazimishwa kutembea huchosha moyo ulioathirika. Mpigie daktari wa mifugo ukiwa na lebo na namba ya bechi mkononi, umwambie ni wanyama wangapi, wamekula kiasi gani na tangu lini. Weka kando angalau kilo moja ya chakula chenyewe katika mfuko safi uliofungwa, kwa ajili ya maabara, na usiruhusu mtu yeyote kufagia na kutupa kilichobaki kwa nia njema. Simamisha kuuza maziwa, mayai na wanyama hadi daktari aandike tarehe ya kuanza tena. Kisha mjulishe aliyekuuzia chakula siku hiyohiyo, maana ikiwa kosa lilitokea kinuni, magunia mengine ya bechi hiyo yako mbele ya wanyama wa watu wengine wakati huo.